Pindo la Wimbo wa Tisa

Jumamosi ile nilishona mkono wa kushoto wa shati kwenye bega la kulia. Miaka tisa niko kwenye cherehani, na kosa hilo sikulifanya hata nilipokuwa najifunza. Nikafumua. Nikashona tena, nikajikuta nimeurudisha palepale. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akinipangia vifungo kwa rangi, akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mwenye shati hilo ana mikono miwili ya upande mmoja?"

Nikamwambia uzi ni mbovu. Akasema uzi haujui kushoto wala kulia, na kama moyo wangu umeshatoka nje kumsubiri mtu, basi na mwili uufuate, uache nguo za wenyewe.

Ahadi ilikuwa saa tisa alasiri. Saa hiyo fundi wa sauti angekuja nyumbani na santuri yake, ingewekwa kwenye gramafoni ya Baba, na Baba angesikiliza mpaka mwisho. Kisha angesema neno moja kati ya mawili. Akisema ndiyo, wimbo wangu ungebaki kwenye santuri, na mwenye santuri angeruhusiwa kurudi na wazee wake kuzungumza yale ya kuzungumzwa. Akisema hapana, wimbo utoke, na mtu yule asionekane tena kwenye kizingiti chetu. Hayo Baba aliyasema Jumanne akivua viatu, kwa sauti ileile anayoulizia chumvi mezani.

Mtu mwenyewe majirani walimwita Kimya. Hakuwa mnyamavu hata kidogo. Ila kila alikokwenda na kinasa sauti chake alinyanyua kidole na kuomba, kimya kidogo tafadhali, na watu wakanyamaza kwa mshangao tu. Mimi naitwa Sindano tangu utotoni kwa sababu ya wembamba, ingawa Shangazi hudai ni kwa sababu ya ulimi. Kimya alikuja dukani kwangu mara ya kwanza na koti lililochanika mfuko kwa uzito wa betri. Akaniomba nisikanyage cherehani kwanza, asikie mtaa. Halafu akaniomba niikanyage. Alifumba macho kuisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi kirefu, na mimi nikakanyaga mshono mrefu kuliko ule mfuko wenyewe ulivyohitaji. Tangu siku ile tunaitana Fundi, mimi kwake na yeye kwangu.

Miaka miwili alikuwa akizunguka kukusanya nyimbo za giza. Ndivyo alivyoziita mwenyewe, zile ambazo watu hawaziimbi mbele ya wageni. Bembelezi za kumtisha mtoto mpaka alale. Nyimbo za kumwita mtu aliyepotea. Mvunja kokoto aliyeimba peke yake kwa kufuata nyundo, mlinzi wa makaburi, mapacha wawili wazee walioimba wimbo mmoja kila mmoja akianzia mwisho wake. Walikuwa waimbaji kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanamuziki. Chini ya sauti zao Kimya alitandika mambo yake: msumeno uliovutwa kwa upinde wa fidla, upepo ndani ya pipa tupu, kamba ya kisima, bawaba za milango.

Bawaba ndizo zilizomponza kwa Baba. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mtu wa kilo na gramu, na hakuweza kuelewa mwanamume mzima anatoka nyumbani kwake asubuhi kwenda kurekodi mlango. Shangazi naye akatia lake.

"Mlango ukilia, watu huutia mafuta. Huyu anautia kwenye santuri."

Tulicheka wote, na mimi nikacheka. Baadaye nilikwenda kukaa kitandani nikajiona msaliti.

Wimbo wangu ulikuwa wa Mama. Ni bembelezi, lakini maneno yake yanatisha: mtoto anaambiwa alale kwa sababu aliye nje anahesabu wanaolia. Mama aliuimba chumbani kwake, mwisho wa ukumbi, akinishonea nguo za shule. Alipofariki, Baba alikifunga chumba kile, ufunguo akauweka chini ya saa ya ukutani, kitanda chake akakihamishia sebuleni. Gramafoni akaifunika kitambaa. Ni miaka sita sasa. Redio yetu iliharibika mwaka wa pili na hakuna aliyeipeleka kwa fundi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kilichonifanya nikosee mshono Jumamosi ile, ni hiki. Wimbo ule niliuimba ndani ya chumba kile. Alhamisi moja Baba akiwa ghalani, nilichukua ufunguo chini ya saa. Shangazi alikaa ukumbini kutulinda, akalindwa na usingizi. Baba hakuwa na habari.

Na hilo lilikuwa dogo, kumbe.

*

Kimya alifika saa tisa kasoro dakika kumi, amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Santuri ilikuwa moja, ya majaribio, ndani ya ganda jeupe lisilo na picha. Jumatatu angeipeleka kiwandani wachape nyingine mia tatu. Baba alikuwa uani ananawa. Nilimpokea mlangoni, na kabla hajavua viatu alininong'oneza akitabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi.

"Fundi, nimefanya ulivyosema. Nimeacha pindo."

"Pindo gani?"

"La wimbo wako. Uliniambia nisikate kwenye chaki, niache pindo la vidole vitatu. Nimeliacha lote, neno kwa neno."

Sikuelewa neno kwa neno ni nini. Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli, lakini lugha yangu ni ya dukani. Sisi mafundi wa nguo hatukati kitambaa kwenye mstari wa chaki. Tunakata nje yake, kile kinachozidi kinabaki ndani ya mshono, na kwetu dukani chote hicho tunakiita pindo. Wimbo wa Mama unaishia kwenye pumzi ndefu, niliogopa asije akaikata kavu. Ndiyo maana yangu, basi.

"Kwenye pindo kuna nini, Fundi?"

Tabasamu lake likapungua. Akanieleza kwa haraka. Kazi yake nayo ina desturi zake. Mtu akimaliza kuimba, yeye hazimi kinasa sauti. Hutoka nje na kukiacha kikizunguka dakika nzima, ili kinase utulivu wa chumba bila pumzi yake. Alhamisi ile alitoka. Mimi nikadhani mashine imezimwa. Nikabaki peke yangu na kitanda cha Mama, nikazungumza.

Nikakumbuka nilichozungumza.

"Niliporudi ndani ukaniambia acha pindo," alisema. "Nilidhani unanituma. Nilidhani umechagua njia hiyo ya kumwambia mzee, kwa vile ana kwa ana huwezi. Nimekaa wiki tatu nikijiambia, huyu mwanamke ni jasiri kuliko mimi."

"Kwa hiyo wiki tatu unajua."

Alitazama chini, masikio yakamwiva. Naye alijua kwamba nampenda, alikuwa amelisikia kwa kinywa changu, na hakuna siku aliyolitumia kunifanyia maringo. Wakati mwingine wowote ningelia kwa furaha. Pale nilimwambia tu kwamba wimbo wangu ukiisha, ainyanyue sindano ya gramafoni papo hapo, aseme santuri ina mkwaruzo, aseme chochote. Akaahidi.

Baba akaingia akijifuta mikono. Kimya akampa shikamoo mara mbili. Baba akaitikia moja, akaondoa kitambaa juu ya gramafoni, akavuta kiti chake akakiweka ubavuni mwake kabisa, karibu kama daktari na mgonjwa.

"Chombo hiki kizee," alisema. "Sindano yake haiguswi na mtu ila mimi."

Kimya alinitazama. Mimi nikatazama kucha zangu.

*

Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo sita. Nilizihesabu. Mvunja kokoto alianza, na chini yake ule msumeno ukilia kama kitu kilichonasa kwenye bomba. Shangazi alijikunja kwenye kona ya kochi akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye leo chooni atakwenda na taa, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Baba hakucheka. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, mkono wa kulia ukielea kidogo juu ya goti, vile anavyofanya gunia likiwa juu ya mizani na mshale haujatulia. Wimbo ulipoisha alitoa uamuzi.

"Mzito."

Wa pili akauita mwepesi. Wa tatu, wa mlinzi wa makaburi, alisema huo una uzito lakini umelowa maji. Kimya, maskini, alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno kana kwamba anaandika. Nami, hata na roho yangu mkononi, nilimwona Baba kwa jicho jipya. Nilidhani angekuwa anatafuta kosa. Alikuwa anapima kwa haki.

Baba alipoigeuza santuri, Shangazi aliomba maji. Nilikwenda jikoni, na Kimya akaja nyuma yangu kwa kisingizio cha kunibebea bilauri. Tulisimama mbali kidogo, hatua mbili hivi, na hatua mbili zile zilikuwa ndefu.

"Naweza kumwambia sasa hivi tuishie hapa," alisema. "Niseme kazi haijakamilika. Nitarudi mwezi ujao."

"Hutarudi. Unamjua Baba. Ukiondoka bila kumaliza atasema umeshindwa, na mtu aliyeshindwa hapewi siku ya pili."

"Basi niambie unachotaka nifanye, Fundi. Mara hii kwa lugha ya kawaida."

Siku nyingine ningecheka. Nilimtazama uso ule uliokuwa unangoja neno langu, na nikajua nikimkosa nitaishi, nitashona, nitakula, lakini nitakuwa kama redio yetu pale juu ya kabati. Nikampa bilauri mbili. Zikagongana mikononi mwake.

Wimbo wa saba ukapita. Wa nane ulikuwa wa wale mapacha. Baba akauita sawasawa, bila kuzidi wala kupungua, na kwa Baba hiyo ni sifa kubwa.

Wa tisa haukuanza na sauti yangu. Ulianza na mlango.

Bawaba ya chumba cha Mama hulia kwa vipande vitatu: kwanza chini, halafu juu, halafu kama mtu anavuta makamasi. Hakuna mlango mwingine duniani unaolia vile. Kimya alikuwa ameurefusha mlio ule, akaupunguza mwendo, ukawa kama mnyama mkubwa anageuka usingizini. Lakini vipande vilikuwa vitatu.

Mkono wa Baba uliokuwa unaelea ukatua juu ya goti.

"Mlango huo naujua," alisema.

Shangazi, ambaye Alhamisi ile usingizi ulimchukua kabla hatujafungua chumba, alinitazama, akaelewa, akaweka bilauri chini polepole. Sauti yangu ikaingia. Lala, lala, aliye nje anahesabu. Sikuwahi kujisikia kutoka nje ya mwili wangu, na kilichonishtua ni kwamba hakikuwa changu kitu kile. Kilikuwa cha Mama, mpaka namna ya kumeza mate kati ya mstari na mstari. Baba alifumba macho. Taya lake lilikuwa linakwenda taratibu, linatafuna kitu kisichokuwepo.

Nilijua mwisho unakuja. Mstari wa mwisho, pumzi ndefu, kisha lile pindo. Kimya aliinuka nusu, akakohoa, akaanza kusema mzee, nadhani hapa kuna mkwaruzo. Baba akamnyanyulia kidole. Kidole kilekile ambacho Kimya amenyamazisha nacho mtaa mzima, siku hiyo kikamrudia mwenyewe. Akakaa.

Basi nikaenda mimi. Sikufikiri. Nilivuka mkeka nikanyoosha mkono kwenye gramafoni, na vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa ule mkono wa chuma Baba aliponishika kiganja, akiwa bado amefumba macho.

"Sindano," alisema taratibu. "Acha sindano."

Nikaacha. Hakuniachia mkono. Pumzi ya wimbo ikaisha, chumba cha Mama kikanyamaza ndani ya santuri, zikasikika hatua za Kimya zikitoka, na mimi nikaanza kuzungumza.

"Mama, nimepata mtu. Ni huyu anayezunguka na waya. Ananisikiliza hata nikinyamaza. Baba hatamkubali, na si kwa ubaya wake. Tangu uondoke Baba hataki kitu chochote kitoe sauti humu ndani. Nacheka dukani, nikifika mlangoni nakiacha kicheko nje pamoja na viatu. Namuogopa, Mama. Hajawahi kunipiga wala kunitukana, ila namuogopa. Nisaidie kumwambia."

Hatua zikarudi. Kisha sauti yangu ileile, lakini kavu, ya kazini:

"Ukikata, usikate kwenye chaki. Acha pindo. Vidole vitatu."

Ikabaki mikwaruzo tu. Baba akainyanyua sindano kabla wimbo wa kumi haujaanza, akairudisha kwenye kishikio chake. Kiganja changu kilikuwa bado mkononi mwake. Nilisubiri lile neno. Nilisema moyoni, litakuja moja, fupi, na nitaanza kuhesabu maisha yangu kutoka hapo.

"Namuogopa," Baba alirudia polepole.

"Baba, sikujua mashine iko wazi."

"Ndiyo maana ni kweli." Akatazama vidole vyangu. "Na vidole vitatu hivyo, nani alikufundisha?"

"Mama."

Aliniachia mkono. Akashika upande wa shati lake, chini ya kwapa, akaugeuza nje tuone. Lilikuwa la zamani, la kijivu, alilolishona Mama, na mshono wake ulikuwa umeshafumuliwa na kupanuliwa mara mbili kutoka kwenye pindo lake. Kazi hiyo ya kupanua niliifanya mimi, bila kufikiri, kama ninavyofanya nguo za kila mtu.

"Nilikuwa namwambia anapoteza kitambaa," alisema. "Mafundi wengine huacha kidole kimoja. Akaniambia, wewe utanenepa, nakuona unavyokula. Nikakasirika." Akaurudisha upande wa shati mahali pake, akaupapasa. "Na nikanenepa."

Shangazi alianza kulia bila sauti, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kulia katika nyumba ile. Baba aliinuka. Nilidhani anamwendea Kimya, na Kimya naye alidhani hivyo, akasimama wima kama askari. Baba akampita. Akanyoosha mkono chini ya saa ya ukutani, akachukua ufunguo, akaelekea ukumbini na soksi zake.

Tulisikia kufuli. Halafu mlango: chini, juu, na yale makamasi.

Kidole cha Kimya kilinyanyuka chenyewe kutaka tunyamaze. Akakiona, akakishusha haraka kwa aibu, akakificha nyuma ya mgongo. Nilimpenda pale kuliko siku zote nilizokuwa nimempenda.

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaita kuelekea ukumbini. "Mdogo wangu, nikuletee mafuta ya hiyo bawaba?"

"Msiiguse," Baba alijibu kutoka ndani.

Nilisikia dirisha la chumba kile linasukumwa, linagoma, linasukumwa tena. Nilisikia kitanda kikipokea uzito. Mimi nilisimama kwenye mkeka nikiwa bado sijaambiwa ndiyo wala hapana, na kila kitu ndani yangu kilikuwa kimeshikwa kwa pini.

"Sindano."

"Abee, Baba."

"Jumamosi ijayo usichukue kazi za watu. Tutakuwa na wageni." Akaongeza, "Huyo kijana awaambie wazee wake wasije wengi. Na shati lake alipige pasi mpaka nyuma."

Shangazi alinifinya paja mpaka nikaruka. Nilitaka kupiga kelele, na tabia ya miaka sita ikanizuia, ikatoka sauti ndogo kama ya kifaranga. Kimya alikaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa ameshika lile ganda jeupe la santuri kifuani.

Akainuka, akanisogelea hatua moja kati ya zile mbili za jikoni.

"Bado naweza kukata," alisema kwa sauti ya chini. "Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda kiwandani. Zikichapwa zitafika kwa watu mia tatu, watu wasiokujua, na kila mmoja atasikia unayomwambia mama yako. Sitaki kukosea tena. Niambie nikate wapi."

Niliufikiria mstari wa chaki. Niliwafikiria wale watu mia tatu katika sebule zao, na pengine katika moja yao kuna redio iliyoharibika juu ya kabati. Niliogopa, sitasema uongo. Kule mwisho wa ukumbi mlango ulilia tena. Baba alikuwa anaufungua na kuufunga, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nilinyanyua vidole vitatu.